Hela za yule bata tajiri zilitoka wapi?

Yai moja dola milioni. Kabichi ni zaidi ya hapo. Hiyo ndio bei aliyopanga bata mmoja mzee mwenye miwani puani, anaitwa Scrooge, yuko shambani kwake anauza mazao, na wateja wanakuja wanalipa bila kuomba kupunguziwa, manake siku hiyo hela ndio kitu pekee ambacho kila mtu anacho na chakula anacho yeye peke yake. Ni stori ya kurasa 10 iliyotoka Machi 1951 kule Marekani, kwenye toleo la 126 la jarida la Walt Disney's Comics and Stories, bei senti 10, wasomaji wake wengi wakiwa watoto wa shule.

Naongelea hizi katuni za zamani za wanyama wanaoongea kwa sababu naona watu wanazichukulia ni vitu vya kuchekeshea watoto basi, bata kavaa shati bila suruali, panya kavaa glovu, unafungua unacheka unafunga. Mimi nimezisoma miaka mingi na kila nikizirudia nakuta kitu kingine humo. Ndani ya yale makaratasi ya bei rahisi kulikuwa na mazungumzo ya hela, kazi na njaa yaliyonyooka kabisa, na swali lililokuwa linarudi rudi ni moja tu, huyu tajiri hela zake kazitoa wapi? Na jibu lilitolewa, tena mara mbili, na majibu yenyewe hayafanani. Moja linachapishwa mpaka leo kwa fahari. La pili linaondolewa kimya kimya, na hilo linaloondolewa ndio linalotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja.

Ila kwanza tulifungue jarida lenyewe tuone kilichomo, manake mpangilio wake tu unaongea. Lilianza Oktoba 1940. Kampuni ya Dell ndio ilikuwa inatoa mtaji na kusambaza, na kazi yote ya kutengeneza ilikuwa inafanywa na Western Printing, wachapaji wa mji wa Racine, Wisconsin. Mwanzoni lilikuwa na kurasa 68, baadaye likashuka hadi 52, baadaye tena 36, bei ikabaki ile ile senti 10. Hii michezo tunaijua sana sisi, mkate unapungua ukubwa bei haijaguswa, mche wa sabuni unakonda kila mwaka, na mnunuzi anaendelea kutoa hela ile ile akiona mambo hayajabadilika.

Ukifungua mbele unakutana na Donald Duck, kurasa 10, stori inaanza na kuisha hapo hapo. Mbele kidogo kuna mtoto wa mbwa mwitu, Li'l Bad Wolf, ambaye baba yake kila siku anawinda wale nguruwe watatu awale na yeye mtoto ndio rafiki yao mkubwa, kwa hiyo kila toleo mtoto anahangaika kuwaokoa marafiki zake bila kumvunjia baba yake heshima (na hiyo si kazi ndogo, waulize watoto waliolelewa na baba mkorofi). Mwisho kabisa kuna Mickey Mouse, stori ndefu inayokatwa pale pale inapokolea, itaendelea, ili mwezi ujao urudi na senti 10 nyingine. Kwa miaka mingi hizo za Mickey zilikuwa zile zile zilizochorwa na Floyd Gottfredson kwenye magazeti, zinakatwa zinapangwa upya kitabuni, hadi 1953 ndio Paul Murry akaanza kuchora mpya.

Halafu katikati kuna kurasa mbili za maandishi matupu, kihadithi kifupi, herufi ndogo ndogo, picha moja au hakuna kabisa. Watoto walikuwa wanaziruka. Wahariri walijua wanaziruka, na bado kila toleo zipo. Kisa ni posta. Ili jarida lisafirishwe kwa ile nauli nafuu ya magazeti na majarida ilibidi liwe na kurasa mbili za maandishi, la sivyo halihesabiki kuwa jarida, na jarida lenye maelfu kwa maelfu ya watoto wanaoletewa nyumbani kwa posta haliwezi kupoteza nauli hiyo. Kwa hiyo kuna watu wamelipwa kuandika na wengine kuchapa, kwa miaka, kurasa ambazo lengo lake ni kumridhisha karani wa posta.

Na posta haikuishia hapo. Jarida la bata tajiri, Uncle Scrooge, lilipopata mwendo sheria ikataka kuwe na sehemu nyingine yenye wahusika wengine kabisa, jarida zima lisiwe la mhusika mmoja. Ndio hapo 1956 kuanzia toleo la 13 wakaingiza vistori vya kurasa nne nne vya Gyro Gearloose, yule kuku mvumbuzi anayetengeneza mitambo ya ajabu, na kale karoboti kake kenye kichwa cha balbu. Watu wanakapenda kale karoboti mpaka leo na wengi hawajui kwamba kaliingia humo kwa ajili ya nauli. Nalisema hili kwa sababu ukitaka kuchambua kitabu chochote cha aina hii lazima ujue nani alikuwa ameshika rula. Hapa walioshika rula ni posta, bei ya karatasi, na wazazi, manake Dell walikuwa wanajitangaza kabisa kwamba katuni zao ni katuni nzuri, na 1954 bunge la seneti Marekani lilipofanya vikao kuhusu katuni zinazoharibu watoto, na wachapishaji wengine wakaunda chombo chao cha kujikagua, Dell walikataa kujiunga wakasema vya kwetu ni visafi tayari.

Sasa ndani ya usafi huo akakaa mtu mmoja akaandika anachojua.

Jina lake Carl Barks, kazaliwa Merrill, Oregon, 1901, mtoto wa shamba. Kabla hajawa mchoraji alifanya kila kibarua unachokijua, aliendesha nyumbu, alikata magogo, alipiga ribiti kwenye karakana ya reli, akaenda Minneapolis akafanya kazi kwenye jarida la vichekesho, na 1935 akaingia studio ya Disney. 1942 akaacha akahamia sehemu kavu ya California inaitwa San Jacinto akafuge kuku. Yaani mpango wake ulikuwa kuku. Katuni za bata ilikuwa kazi ya pembeni ya kuingiza hela kidogo ya kujishikiza, analipwa kwa ukurasa, na kuanzia 1943 akawa ndio anaandika na kuchora zile kurasa 10 za mbele za Donald karibu kila mwezi. Alistaafu 1966 akiwa amefanya zaidi ya kurasa 6,000, na kwa miaka yote hiyo jina lake halikuwekwa popote. Kila stori imeandikwa Walt Disney. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jarida lilikuwa linachapa nakala zaidi ya milioni 3 kwa mwezi, watoto wote hao wanajua tu kwamba kuna stori nyingine za bata ni nzuri na nyingine sio nzuri, kwa hiyo wakawa wanamwita yule mchoraji mzuri wa bata, hawajui ni nani. Mashabiki walikuja kumpata kwa barua 1960. Mtu ameshachora karibu miaka 18.

Ukilijua hilo unamwelewa Donald wake. Donald wa sinema alikuwa bata wa hasira tu, anapiga kelele, maneno hayasikiki. Huyu wa kitabuni ni mtu mzima ana watoto watatu wa kulea, anadaiwa, na kila mwezi ana kazi mpya. Leo mlinzi, kesho kinyozi, keshokutwa mfagizi. Kuna ya 1949, Lost in the Andes, Donald ni mfagizi msaidizi wa makumbusho, tena msaidizi wa wasaidizi, na safari ya kwenda Peru kutafuta kuku wanaotaga mayai ya mraba inaanza akiwa wa chini kabisa kwenye meli. Mkubwa anataka kimanda, anamwagiza aliye chini yake, naye anamwagiza wa chini yake, amri inashuka ngazi kwa ngazi hadi inafika kwa Donald na wapwa zake. Wanapika yale mayai ya zamani ya mraba ya makumbusho. Wakubwa wote wanaugua, na kazi yote inabaki kwa wa chini. Mtu aliyewahi kuwa wa mwisho kwenye ofisi yoyote anaijua ile picha ya amri ikishuka, na aliyeichora aliijua pia.

Hapo nimesema wapwa, na hiki ni kitu kidogo ila nakipenda. Kiingereza kinasema anko tu, hakikwambii ni wa upande gani. Kiswahili hakikubali, lazima uchague, baba mkubwa, baba mdogo au mjomba. Na ukifuatilia ukoo wao wale watoto watatu ni wa dada yake Donald, na Donald mwenyewe mama yake ni dada wa Scrooge, kwa hiyo ni mjomba juu ya mjomba. Nyumba nzima ya wajomba na wapwa, baba na mama hawaonekani. Na sisi tunajua mpwa anakwenda kwa mjomba akiwa na shida, ana haki ya kudeka huko, ana haki ya kula huko. Ukisoma na masikio hayo unaona ubahili wa mzee Scrooge ni mzito kuliko anavyouona Mmarekani, manake huyu anamnyima mpwa wake, anamlipa senti 30 kwa saa mtoto wa dada yake.

Turudi shambani, Machi 1951. Stori inaitwa A Financial Fable. Scrooge ana hela zake zote kwenye ghala shambani, wapwa wanafanya kazi, Donald amechoka jua anaota awe na milioni moja apumzike. Kimbunga kinakuja kinapiga ghala, hela zote zinapaa hewani zinatawanyika nchi nzima. Kila mtu anaokota milioni. Kila mtu! Donald anarusha jembe anasema sasa nakwenda kuitembea dunia, na anafika barabarani anakuta basi hakuna, dereva naye kapata milioni keshaondoka kuitembea dunia. Mgahawa umefungwa. Duka limefungwa. Hakuna anayefanya kazi yoyote popote kwa sababu wote ni matajiri, na njaa inaanza kuuma. Wakati huo Scrooge hajakimbizana na noti hata moja, anaendelea kulima na kulisha kuku pamoja na wale watoto, anatulia, anajua. Na watu wanarudi shambani mmoja mmoja na mifuko ya hela, yai milioni, hadi ghala linajaa tena kama lilivyokuwa.

Wapo wanaosoma hii wakasema ni mahubiri ya kibepari, maskini akipewa hela hawezi kuzitunza zitarudi kwa mwenyewe. Sikatai kwamba inaweza kusomwa hivyo, na ukiitazama mwisho wake ndio inavyofanya, tajiri anakuwa tajiri tena. Ila mimi naona kitu kingine kinachobaki kichwani baada ya kuifunga, kwamba noti ni karatasi na utajiri wote wa dunia umekaa juu ya mgongo wa mtu anayeamka asubuhi kukusanya mayai. Aliyeandika haya alikuwa mfuga kuku, ametoka kwenye mabanda siku zile zile. Alijua yai linatoka wapi.

Miaka mitatu baadaye, 1954, toleo la 6 la Uncle Scrooge, likaja kubwa zaidi. Mzee kachanganyikiwa, kila mtu anamwomba hela, barua, simu, wageni mlangoni, mishipa imemshinda. Anasikia kuna bonde milimani Himalaya linaitwa Tralla La ambako hakuna hela, watu wanaishi kwa amani hawajui kuhesabu mali. Anakwenda na wapwa zake, na anabeba kreti la chupa za dawa ya kutuliza mishipa. Anafungua chupa moja, kizibo kinadondoka, mkulima mmoja anakiokota.

Basi. Kizibo kimoja tu. Bonde halijawahi kuona kitu kama hicho, kwa hiyo anayekimiliki ana kitu ambacho mwingine hana, jirani anataka kukinunua, mwingine anaongeza dau, na jioni ile watu ambao hawakuwahi kujua tamaa wanamfuata Scrooge wanaomba vizibo kama walivyokuwa wanamwomba dola kule alikokimbia. Halafu anafanya kosa la pili ambalo linauma zaidi, anaona kama tatizo ni uchache basi nitavileta vingi viishe thamani, anaagiza ndege zimwage vizibo bilioni moja. Vinanyesha kutoka angani vinafunika mashamba, mazao yanazikwa, na watu wa bondeni sasa wana hasira na hawana chakula. Kwa kurasa chache za bata, mtoto wa miaka 9 anaelezwa uhaba, mfumuko wa bei, na madhara ya mgeni mwenye nia njema. Mimi nimecheza drafti kwa vizibo vya soda tangu mdogo kama watoto wote wa mtaani kwetu, tunavikusanya nje ya baa, vya kulalia upande huu vya kusimama upande ule, na nilipoisoma hii mara ya kwanza sikucheka, nilikaa kimya, manake najua kabisa ni kweli, kuna siku tulipigana kwa ajili ya kizibo cha rangi ambayo mwingine hana.

Sasa swali lenyewe. Zile hela ekari tatu za ujazo (hicho ndio kipimo chake, hakina maana kwenye hesabu lakini ukiona ule mlima wa sarafu unaelewa) alizipata vipi?

Jibu la kwanza lilitoka Machi 1952 kwenye kitabu ambacho watu wanakihesabu kuwa ndio toleo la kwanza la Uncle Scrooge. Stori yake inaitwa Only a Poor Old Man, kurasa 32 nzima. Mzee anaogelea kwenye hela, anachimba kama panya buku, anazirusha juu zimdondokee kichwani, na Donald anamshangaa. Ndio anamweleza. Anashika sarafu moja moja anakumbuka ilikotoka. Hii ni ya Klondike, kule Kanada, 1898, kwenye dhahabu. Anasema alikuwa mgumu kuliko wagumu na mjanja kuliko wajanja, na alizipata kwa haki bila kumdhulumu mtu. Hakuna hela bila kumbukumbu, kila sarafu ina jasho lake. Halafu genge la wezi Beagle Boys linabomoa bwawa alikozificha, hela zinamwagikia kwenye ardhi yao, mzee anawaomba azipige mbizi mara ya mwisho, anapiga, wao wanaiga wanagonga vichwa kwenye chuma wanazimia. Zile hela zinamjua yeye tu. Ni stori nzuri mno na sijawahi kuichoka.

Ila tuwe wakweli hata hapo. Klondike haikuwa pori tupu. Pale mto Klondike unapoingia mto Yukon palikuwa na kambi ya uvuvi wa samoni ya watu wa Tr'ondëk Hwëch'in tangu enzi, wachimbaji walipomiminika wakaenea hapo, na 1897 chifu wao Isaac ikabidi awahamishe watu wake wakakae Moosehide, chini zaidi ya mto. Hiyo haimo kwenye katuni. Hata ile hela ya haki ilichimbwa pembeni ya watu waliohamishwa.

Jibu la pili lilikuwa limeshatoka kabla, Agosti 1949, stori inaitwa Voodoo Hoodoo. Kuna mtu mkubwa wa kutisha, macho hayaoni, anatembea bila kusimama, anaitwa Bombie, ni zombi. Ametumwa na mganga wa Afrika anaitwa Foola Zoola kumtafuta Scrooge, na ametembea miaka na miaka, anafika anamkuta Donald anamfananisha na mjomba wake alivyokuwa kijana, anamtia laana ya kusinyaa awe mdogo kama panya. Donald anakimbilia kwa mjomba kuuliza, umewafanya nini hawa watu? Na mzee anasema wazi wazi, miaka kama 70 iliyopita nilitaka ardhi yao, mkuu wao akakataa kuniuzia, nikakodi kundi la wahuni nikawafukuzia porini kabila zima.

Rudi nyuma miaka 70 kutoka 1949 unafika karibu na 1880. Miaka michache baadaye, 1884 na 1885, wazungu walikaa Berlin wakaligawa bara hili juu ya meza. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Kongo kilichofuata huko kwenye kugema mpira kwa lazima hadi 1908, bibi zao waliwaeleza. Mfuga kuku wa California, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, kwenye kitabu cha senti 10 kilichojiita kisafi, aliandika kwa sentensi mbili namna ardhi ilivyochukuliwa. Mwenye ardhi alikataa kuuza, wakaletwa wahuni.

Na hapo hapo kwenye kurasa zile zile kuna kitu kibaya na sitakipaka mafuta. Waafrika wamechorwa kwa dharau, midomo minene, pete puani, lugha ya kuvunjika. Mtu mweusi wa Duckburg, mji wa hawa bata, anaitwa Bop Bop, kachorwa kama walivyokuwa wanachora weusi Marekani wakati ule, wa kuchekwa. Na mambo yamechanganywa hovyo, vodun (ndio hiyo voodoo) ni dini ya watu wa Benin na Togo iliyovuka bahari hadi Haiti, ina miungu yake na heshima yake, hapa imefanywa midoli na sindano kwa kabila lisilo na nchi. Nikimwonyesha mtoto wangu zile picha bila maelezo namkosea. Nilipoziona mimi mwenyewe ziliniuma, nilifunga kitabu nikakaa siku kadhaa ndio nikarudi.

Baadaye walipochapisha upya waliifanyia marekebisho, ile pete ya Bombie ikafutwa, meno yakaguswa. Miaka ya 1990 mchoraji Don Rosa, aliyekuwa anajenga maisha yote ya Scrooge kutokana na vipande vya Barks, akalichukua lile jibu la pili akalifanya kuwa ndio doa la maisha ya mzee, siku moja aliyovuka mstari, dada zake wakamkimbia kwa aibu, na zombi anamfuata nyuma miaka yote kama dhamiri. Nilimheshimu sana kwa hilo. Halafu mwanzoni mwa 2023 yeye mwenyewe akawaeleza wasomaji kwamba Disney hawataruhusu tena stori zake mbili kuchapishwa, kwa sababu Bombie yumo.

Hapa ndipo sikubaliani nao kabisa. Naelewa hofu yao, na naelewa walioumizwa na picha, mimi ni mmoja wao. Lakini angalia hesabu inavyobaki. Ukiondoa Bombie, Scrooge anabaki na jibu moja tu, alizipata kwa haki. Wale waliofukuzwa ardhini wanatolewa kitabuni mara ya pili, safari hii kwa jina la kuwaheshimu. Picha ni ya dharau ila ungamo ni la kweli, na kilichofanyika ni kuchukua vyote viwili vikatupwa kwenye pipa moja.

Mwaka 1971 kule Chile, Ariel Dorfman na Armand Mattelart waliandika kitabu kizima kuwashambulia hawa bata, wakasema ni propaganda ya Marekani kwa nchi maskini, kwamba humo hakuna anayezalisha, hazina inaokotwa tu kwenye nchi za mbali kwa wenyeji waliochorwa kama watoto wadogo. Baada ya mapinduzi ya Septemba 1973 wanajeshi wakakichoma moto. Nakubaliana nao sana kwenye zile safari za hazina, manake ni kweli, nusu ya stori za Scrooge ni mtu kutoka Duckburg kwenda kwa watu kuchukua chao. Wanaponipoteza ni kule kusema hakuna anayezalisha. Yai la shambani halikuokotwa. Na Tralla La ni stori ya mgeni tajiri anayewaharibia watu maisha kwa kizibo kimoja, ningependa wangeikalia hiyo kwa muda mrefu zaidi. Jarida lile lilikuwa na watu wengi ndani yake, wachoraji wazuri na wa kulipua, na huyu mmoja asiyeandikwa jina alikuwa anagombana na bata wake mwenyewe toleo hadi toleo, mara anampenda mara anamshitaki.

Ninachoomba kwa wanaoshika haki za hizi kazi ni hiki. Voodoo Hoodoo ichapishwe kama ilivyotoka 1949, kwenye vitabu vya watu wazima, mbele yake yawepo maelezo ya kurasa kadhaa yaliyoandikwa na Mwafrika anayejua historia ya ardhi, aeleze pete ile ilitoka kwenye macho ya nani na vodun ni nini. Stori mbili za Rosa zirudi. Jina la Carl Barks liwe kwenye jalada, kubwa. Na ile sehemu ambapo mzee anasema walikataa kuuza akakodi wahuni, isiguswe hata neno.